Ndiyo za Bwana Harusi

Jumatatu, Machi 11

Bado nasema mama alilia bure siku ile tulipopanda basi pale Moshi. Alidhani ananikabidhi kwa Dar es Salaam, mji wa joto na mbu na watu wasiolala. Kumbe alinikabidhi kwa Onesphory, na Onesphory ni nchi nyingine kabisa, yenye hali ya hewa yake.

Leo asubuhi alirudi mara mbili kutoka mlangoni. Mara ya kwanza alisema amesahau kalamu. Mara ya pili hakusingizia kitu. Sitara, binti wa mwenye nyumba, alikuwa uani anakaanga maandazi, akasema kwa sauti ya kutosha nyumba nzima kusikia kwamba bwana harusi huyu akiendelea hivi, redio itafungwa kwa kukosa wafanyakazi. Nikakimbilia chumbani nikachekea kwenye mto.

Tuna chumba kimoja tu, cha pili kushoto ukiingia, katika nyumba ya Bi Kuruthumu binti Mwinyimvua hapa Kariakoo. Kitanda, meza ya Onesphory, sanduku langu la shule ambalo sasa ni kabati, na dirisha linalotazama vyuma vya soko jipya linalojengwa. Choo na bomba viko uani, vya wote. Sikuwahi kuishi karibu na watu namna hii. Usiku namsikia Bi Kuruthumu akikohoa na yeye bila shaka anatusikia tukicheka. Asubuhi ananiamkua kana kwamba hakusikia kitu, na mimi nampa shikamoo yangu nikiwa natazama chini.

Jumatano, Machi 13

Mvua tangu alfajiri. Onesphory amevua viatu akaenda kazini navyo mkononi. Hata miguu yake naipenda.

Jumapili, Machi 17

Leo baada ya misa nimeandika barua nyumbani Kibosho, nikashindwa tena kueleza mume wangu anafanya kazi gani. Nikisema yuko redioni, wanajibu mbona hatumsikii. Hawamsikii kwa sababu yeye hasemi. Kazi yake ni kujua nani anasikiliza.

Acha niieleze hapa vizuri, kwani kila akinieleza natazama midomo yake nasahau nusu. Redio inasema usiku na mchana, gazeti linachapwa kila asubuhi, lakini baada ya hapo hakuna ajuaye maneno yameangukia wapi. Onesphory anasema nchi nzima watu wanaofanya utafiti wa namna hiyo wanaweza kukaa benchi moja, na nafasi ikabaki ya kuweka kofia. Vitabu wanavyosomea vinatoka Ulaya, na vinazungumza habari za watu ambao kila mmoja ana redio yake na gazeti lake mlangoni. Hapa redio moja inasikilizwa na ua mzima. Gazeti moja linasomwa kwa sauti penye kahawa, linapita mikono ya mtaa, na mwisho linafungia karanga, na mla karanga naye analisoma. Vitabu hivyo vingemhesabu nani?

"Tunarusha maneno gizani, Blandina," aliniambia jana. "Mkulima akipanda usiku, asubuhi anakwenda kutazama. Sisi hatujawahi kwenda kutazama."

Nani mwingine katika dunia hii anaongea hivyo na mkewe huku akimenya ndizi?

Sasa yeye amekwenda kutazama. Utafiti wake wa kwanza aliufanya Februari, ndoa yetu ikiwa bado na harufu ya keki. Alitaka kuanza na mitaa hii tunayoishi, halafu mji, halafu mikoa. Kwa utaratibu, mtu haingii nyumba za watu na maswali bila balozi wa nyumba kumi, kwa hiyo Mzee Sadalla, balozi wetu, alivaa shati lake la Chama akamtangulia nyumba hadi nyumba. Nilifuatana nao siku ya kwanza, kwa fahari tu. Mzee Sadalla akipiga hodi anasema, "Huyu ndiye bwana harusi wa kwa Bi Kuruthumu. Ana maswali mawili matatu. Msimwangushe."

Na hawakumwangusha. Kila nyumba walitukaribisha mkekani, wakatupa madafu. Mnasikiliza yale mazungumzo ya maendeleo ya jioni? Ndiyo. Mnayapenda? Sana. Mngependa yarefushwe? Yarefushwe, hayatoshi. Onesphory alirudi nyumbani na tope hadi magotini na macho yanang'aa kama ya mtoto siku ya sikukuu. Alisema hakujua Kariakoo ina wasikilizaji makini kiasi hiki.

Alhamisi, Machi 21

Nimejifunza kukuna nazi bila kujikata. Sitara anasema sasa naweza kuitwa mtu.

Jumapili, Machi 24

Siri kubwa, na naiandika kwa herufi ndogo nisije nikaipasua. Bwana Aristides, mkuu wake Onesphory, amesoma sehemu ya kwanza ya ripoti na amependezwa mno. Kikao cha kuipitisha ni katikati ya mwezi ujao. Ikipita, benchi lao litakuwa idara kamili, Onesphory ataiongoza, na kiongozi wa idara hupewa nyumba ya ghorofa Upanga.

Leo jioni mvua ilipopumzika tumekwenda kuitazama kwa nje. Ghorofa ya pili, madirisha mawili makubwa upande wa barabara, na roshani. Bomba ndani. Jiko la peke yangu. Tulisimama ng'ambo chini ya mti unaodondosha maji, yeye akashika mkono wangu mbele ya wapita njia, jambo ambalo kwetu hata mapadri wangelizungumza. Nikamwuliza tutaweka nini kwenye vyumba vyote vile. Akasema, "Utaweka sauti yako."

Tukiwa njiani kurudi tulinunua kitambaa cha maua cha mapazia. Najua ni mapema. Siwezi kujizuia.

Ijumaa, Machi 29

Leo nimekasirika kidogo, na kwa kuwa hasira yangu ni kwa ajili ya mume wangu naona ni ya halali.

Onesphory alichelewa kazini, nikakaa uani na wenzangu. Redio ya Bi Kuruthumu hukaa dirishani kwake, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi arusi. Mchana haiwashwi kabisa, kwani betri ni adimu. Huwashwa baada ya sala ya magharibi. Basi yakaanza mazungumzo ya maendeleo, yale yale ambayo mtaa mzima ulisema unayapenda. Hakuna aliyesikiliza. Ilikuwa kana kwamba mzungumzaji amefungulia ndimi. Sitara alisimulia jinsi mchuuzi wa Feri alivyotaka kumuuzia samaki wa jana akimwita wa leo, akaigiza mpaka jicho la samaki. Wapangaji wa chumba cha mwisho walibishana juu ya zamu ya kufagia. Maskini mzungumzaji alikuwa akieleza mbolea peke yake.

Halafu yakaja matangazo ya vifo. Bi Kuruthumu akainua kidole kimoja. Kimya. Mtoto mchanga wa chumba cha mwisho akapewa ziwa asilie. Majina yakasomwa, fulani amefariki, habari ziwafikie fulani na fulani, na wote wamekaza shingo. Yalipokwisha bila jina la mtu wetu, Bi Kuruthumu akasema alhamdulillahi, akashusha kidole, na samaki wa Sitara akaendelea pale pale alipoachwa.

Nikaona watu hawa wa pwani wanapenda misiba kuliko maendeleo. Sikumwambia Onesphory. Alirudi amechoka, na mikono yake ilikuwa baridi, nikaishika.

Jumanne, Aprili 2

Ripoti imeanza kuzaa matunda kabla hata haijapitishwa. Bwana Aristides anasema kama wasikilizaji wanataka mazungumzo yarefushwe, ni wajibu wa redio kuwatii. Itabidi nafasi ipatikane jioni, basi matangazo ya vifo yatapelekwa saa nane mchana. Onesphory alinieleza haya akitembea chumbani, hatua chache kwenda, chache kurudi, ndivyo chumba kinavyoruhusu.

"Fikiria," alisema, "mara ya kwanza ratiba inabadilika kwa sababu watu wameulizwa."

Nilimwona mrefu kuliko dari.

Ijumaa, Aprili 5

Maji yameingia ukumbini. Tumeinua sanduku. Mapazia hayakulowa.

Jumanne, Aprili 9

Nataka niandike kama ilivyotokea.

Ilikuwa baada ya magharibi. Mvua ilikuwa imekatika ghafla na uani kulikuwa na harufu ya tope na vitunguu. Onesphory alikuwa bado hajarudi. Nilikaa kwenye kigoda karibu na Bi Kuruthumu, nikimchambulia mchele, naye alikuwa akinitania kwamba Wachaga tunachambua mchele kama tunaohesabu kahawa ya mnadani. Redio ikasema matangazo ya vifo. Kidole kikainuka. Nami, kwa adabu tu, nikanyamaza.

Jina la kwanza lilikuwa la mtu wa Singida. La pili la Tanga. La tatu nitalisikia mpaka nizeeke. Bwana Mwinyimvua Seifu wa Bagamoyo anasikitika kutangaza kifo cha baba yake, Mzee Seifu Mwinyimvua, kilichotokea leo mchana nyumbani kwake. Mazishi yatafanyika kesho alasiri huko huko Bagamoyo. Habari ziwafikie dada wa marehemu, Bi Kuruthumu binti Mwinyimvua, Kariakoo, Dar es Salaam.

Kidole chake kilibaki juu. Nilikitazama. Alikuwa ameshaitwa, na bado alikuwa akitunyamazisha kwa ajili ya wengine ambao majina yao hayajasomwa.

Na hapa ndipo nilipoona jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu nije mji huu. Kabla hajatoa chozi hata moja, mlango wa mbele ulikuwa umefunguliwa. Jirani wa ng'ambo aliingia na kanga mbili mkononi, moja ya kumfunika. Nyuma yake wakaja wengine, nyumba baada ya nyumba, wanawake wakipita moja kwa moja uani, wanaume wakibaki barazani. Hakuna aliyetumwa kuwaita. Walikuwa wamesikia jina lake saa ile ile aliyosikia yeye. Hapakuwa na mtu wa kumpasha habari, wala yeye hakulazimika kuisema kwa kinywa chake. Mmoja alishika chungu kilichokuwa motoni, mwingine akatandika mikeka. Mzee Sadalla alisema barazani kwamba anamjua dereva wa lori linalokwenda Bagamoyo alfajiri, akatoka kumtafuta akiwa na kandambili, bila hata shati lake la Chama.

Sitara, Sitara yule mwenye ulimi, alikuwa amekaa chini ameshika miguu ya mama yake.

Nilijaribu kusaidia nikaangusha ungo wa mchele. Bi Kuruthumu akanishika mkono. Machozi yalikuwa yanamtoka sasa, akaniambia, "Acha kuku waule, mwanangu. Kaa hapa." Mimi ndiye niliyepaswa kumbembeleza.

Onesphory aliingia akiwa amekunja mwamvuli. Redio ilikuwa bado inasema; jioni hiyo mazungumzo ya maendeleo yalikuwa yamecheleweshwa, ikawa ndiyo kwanza yanaanza. Mzee Sadalla alikuwa amesharudi. Akanyoosha mkono dirishani, akaizima. Mzee Sadalla mwenyewe, aliyemwongoza mume wangu nyumba kwa nyumba. Alifanya bila ubaya, kama mtu anayefunga dirisha. Onesphory aliutazama mkono ule, kisha akamtazama Bi Kuruthumu, kisha akaenda kukaa barazani na wanaume.

Jumatano, Aprili 10

Wameondoka alfajiri, Bi Kuruthumu mbele karibu na dereva, Sitara na wanawake wengine nyuma chini ya turubai. Watawahi mazishi.

Siku nzima nimefanya kazi za nyumba na kila kazi imenirudisha kwenye saa nane mchana. Leo saa nane nilitoka uani nikasikiliza. Hakuna redio hata moja iliyokuwa ikilia mtaa mzima. Betri zimepumzishwa, watu wako kazini, sokoni, usingizini. Kama tangazo lingesomwa saa hiyo, lingesomewa kuta. Bi Kuruthumu angeletewa habari na msafiri, kaka yake akiwa ameshalala kaburini.

Na Bi Kuruthumu huyo huyo alimwambia mume wangu kwamba anayapenda sana mazungumzo, yarefushwe. Nilikuwepo. Sielewi. Yeye si mtu wa uongo.

Jumamosi, Aprili 13

Sitara amerudi peke yake baada ya hitma. Mama yake atabaki Bagamoyo mpaka arobaini ipite. Walifika, alimwona kaka yake uso kabla hajatolewa. Sitara alisema hilo mara nyingi, alimwona uso, kana kwamba ni mali waliyorudi nayo.

Nilimpikia uji. Halafu nikamwuliza, kwa nini mtaa mzima ulisema unasikiliza mazungumzo yale. Alinitazama, akaona siulizi kwa ubaya.

"Shoga, wewe umeolewa lini?"

Nikasema Februari.

"Na mumeo alipita kuuliza lini?"

Februari.

"Basi," akasema, akanywa uji wake.

Nikamwambia sijaelewa bado. Akaweka bakuli chini.

"Bwana harusi mbichi, hina ya mkewe haijafifia, kaletwa na balozi mlangoni. Anauliza kazi yake mnaionaje. Wewe utamwambia mbaya? Mtu kama huyo haambiwi hapana, ni nuksi kwa ndoa. Wenye nazi walitoa nazi, wenye sahani walitoa sahani. Wasiokuwa na kitu walitoa ndiyo."

Nilikumbuka madafu yale yote. Nilikumbuka jinsi wanawake walivyonitazama mimi, si yeye, walipokuwa wakijibu. Walikuwa wanatuzawadia. Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia, na Sitara akadhani namlilia mjomba wake akanibembeleza.

Hawakumdanganya hata kidogo. Ni sisi ambao hatukujua kwamba arusi bado inaendelea.

Jumatatu, Aprili 15

Jana ilikuwa Pasaka na niliiharibu.

Nilikuwa nimejiapiza kungoja mpaka baada ya kikao cha Ijumaa. Nilijiambia ni kazi yake, si yangu, na kwamba ratiba ikibadilika watu watazoea. Hata nilikitoa kile kitambaa cha maua nikakipima kwa mikono. Lakini tulipotoka misani, ameshika kitabu changu cha nyimbo na chake, akisalimiana na kila mtu kwa furaha yake ile, niliona siwezi kumpenda nusu. Nikamweleza yote: dirisha la redio, samaki wa Sitara, saa nane mchana, zawadi.

Alisimama katikati ya njia. Kwanza aliuliza ni nani amesema. Nikasema Sitara. Akasema hayo ni maneno ya wanawake jikoni, utafiti haupimwi kwa maneno ya jikoni. Nikasema lakini redio inasikilizwa jikoni. Tulikula wali wa Pasaka kama wapangaji wawili. Usiku aligeukia ukutani, na chumba chetu kidogo kikawa kikubwa kuliko ile nyumba ya Upanga.

Leo asubuhi hakurudi mlangoni hata mara moja.

Jioni alikuja mapema. Alikaa kitandani bila kuvua viatu, akasema bila kunitazama, "Nimepima adabu ya Kariakoo, nikaiita usikivu."

Nilikaa karibu naye. Akauliza kama najua maana yake kwa Upanga. Nikasema najua. Akauliza kama nitaumia. Nikasema nitaumia, ndiyo, na kwamba hiyo si ndiyo ya arusi. Hapo alicheka, kidogo tu, na mkono wake ukatafuta wangu.

Jumatano, Aprili 17

Nataka watoto wangu siku moja wajue baba yao alivyofanya kazi siku hizi mbili.

Ametoka bila balozi, bila karatasi, bila hata kalamu niliyompa. Kwanza alikwenda kwa Mzee Sadalla kwa heshima, asije akaona amerukwa. Mzee akacheka mpaka akashika mbavu, akasema alikuwa akijiuliza bwana harusi ataamka lini. Kisha Onesphory akakaa penye kahawa, akakaa kwa kinyozi, akaenda mpaka Feri kwa wakaanga samaki. Anazungumza mambo ya kawaida, mvua, mchele. Halafu anauliza swali moja tu: kitu gani ulichowahi kukisikia redioni kikakuinua ulipokuwa umekaa?

Fundi cherehani mmoja aliinuka akaacha suruali ya mteja kwenye mashine, akaenda Morogoro kumzika shangazi. Mkaanga samaki alimwachia jirani karai na mafuta yakiwa ya moto, akapanda boti kwenda Mafia. Kinyozi aliacha kichwa cha mtu kimenyolewa upande mmoja, na mwenye kichwa alikuwepo, akathibitisha kwamba alitembea hivyo siku tatu kwa sababu aliona si ungwana kwenda kwa kinyozi mwingine wakati wake yuko msibani. Mmoja aliinuka kwa tangazo la mtoto aliyepotea, akamkuta. Ni vifo, vifo, na waliopotea. Mzee mmoja tu ndiye aliyetaja mazungumzo ya maendeleo. Alisema yanampa usingizi mzuri, na kwamba usingizi nao ni maendeleo.

Onesphory ananisimulia kila jibu, na mimi safari hii sisahau hata nusu. Anasema kwenye vitabu vyote alivyosoma hakuna kilichohesabu matangazo ya vifo kuwa ni kipindi. Hata yeye hakuyaweka kwenye maswali yake. Yalikuwa kama mlango wa nyumba, unapita kila siku huuandiki.

Ijumaa, Aprili 19

Amekwenda kikaoni na suti ya arusi. Nimeungua mkono kwa pasi. Naomba Mungu, na sijui naomba nini.

Baadaye. Amerudi. Nitaandika kama alivyoniambia, nikiwa nimepiga magoti namfungua kamba za viatu, kwa kuwa yeye hakuwa na nguvu.

Bwana Aristides alifungua kikao kwa kumsifu. Onesphory akaomba kusema kabla ripoti haijapitishwa. Akaeleza yote, hata madafu. Watu wakacheka, kisha wakaona hachekeshi. Akaeleza Jumanne ile, kidole cha Bi Kuruthumu, na mtaa ulioingia uani kabla ya machozi. Akasema kwamba tangazo lile halikumfikia mtu mmoja, liliwafikia wote watakaomsaidia kuubeba msiba.

Bwana Aristides akamwuliza kama anaelewa kwamba anapinga ripoti yake mwenyewe.

"Ripoti ile nilizawadiwa, mzee," Onesphory akasema. "Sikuitafiti."

Mtu mmoja akasema zawadi hairudishwi. Onesphory akajibu kwamba ni kweli, atabaki nayo nyumbani, lakini haiwezi kukaa kwenye ratiba ya nchi.

Bwana Aristides akasema hajawahi kuona utafiti unaojikanusha wenyewe, na hajui aufungulie jalada gani. Akamwambia karani afute kipengele cha kuhamisha matangazo ya vifo. Yatabaki jioni. Idara itangoja mpaka utafiti ufanywe upya, mjini na mikoani, pengine mwaka, pengine zaidi. Na nyumba ya Upanga atapewa afisa wa idara nyingine, kwani nyumba haiwezi kungoja.

Alipomaliza kunisimulia aliniomba radhi. Mimi. Nikamwambia kwamba niliolewa na mtu anayekwenda kutazama asubuhi mbegu zimeangukia wapi, na leo ametazama. Halafu nikaenda uani nikalia kidogo kwa ajili ya ile roshani, maana na mimi ni binadamu. Sitara alikuwa akifua. Akanipa upande mmoja wa shuka tukakamua pamoja.

Jumatatu, Aprili 22

Amerudi mlangoni mara tatu.

Jumamosi, Aprili 27

Nimekata kitambaa cha maua. Kipande kimoja pazia la dirisha letu moja, linaning'inia hadi sakafuni kama gauni la kuazima. Kipande kingine nimekipindia ukingo, nitafunika nacho redio ya Bi Kuruthumu akirudi. Jioni hizi Sitara ndiye anayeinua kidole. Jana hakuwapo, kidole kikawa changu. Niliinua, na ua mzima ukanyamaza. Niliogopa na nikaona fahari kwa pamoja.

Jumatatu, Mei 6

Mvua zinapungua. Leo dereva wa basi la Bagamoyo amesimama mlangoni na kapu la samaki wakavu na salamu za Bi Kuruthumu. Anasema hajambo, amekonda kidogo. Alisikia kwa watu wa mjini yaliyotokea kikaoni, na amefikiri sana juu ya zile ndiyo walizotupa. Anasema zilikuwa za dhati, kwa ndoa. Lakini kama bwana harusi bado anauliza maswali yake, basi amfuate huko huko Bagamoyo, akae mkekani kama mtoto wa nyumbani, safari hii atamjibu kama anavyojibiwa mwana, si mgeni.

Onesphory alisikiliza salamu hizo amesimama, kofia mkononi, kama anayesomewa matokeo. Kisha akaniangalia, nikaitikia kwa kichwa kabla hajauliza.

Nimemwambia dereva ampelekee jibu hili neno kwa neno. Tunakuja mimi na mume wangu kwa ajili ya arobaini, mwezi huu haujaisha atatuona mlangoni, na betri mpya tutaleta. Yeye atuandalie hapana zake zote.